Heri ya Mwaka Mpya kwa Shilingi Ngapi?

Kama una jero mkononi na watu hamsini wa kusalimia, nunua kifurushi kidogo kabisa cha SMS za mitandao yote, andika salamu fupi isiyo na emoji hata moja, na uitume mchana. Usisubiri saa sita usiku. Salamu hiyo hiyo ukiipeleka vibaya itakula mara tatu ya pesa, na hakuna atakayekurudishia.

Malalamiko ya sikukuu hayabadiliki: "Nilikuwa na kifurushi, mbona salio limekwisha?" Mteja anaapa kwamba ameibiwa, kampuni inaapa kwamba haijaiba. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Pesa imeondoka kwa masharti yaliyoandikwa, ila yaliandikwa mahali ambapo mtu mwenye haraka hasomi. Na sikukuu kila mtu ana haraka.

Kwanza tujue tunauziwa nini. SMS ya kwanza kabisa ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na ilikuwa salamu ya Krismasi. Mhandisi Neil Papworth aliiandika kwenye kompyuta akaituma kwa simu ya Richard Jarvis wa Vodafone. Ujumbe wa namna hiyo hupita kwenye njia ndogo ambayo simu na mnara huitumia kuarifiana, kwa mfano pale mnara unapoijulisha simu kwamba kuna mtu anapiga. Njia hiyo ipo, uandike au usiandike. Kampuni ina gharama zake za mitambo ya kuhifadhi ujumbe, za kuhesabu malipo na za kulipana na mitandao mingine, lakini mzigo wenyewe ni mwepesi mno.

Ndiyo maana bei ya SMS imekuwa ikienda kwa ujasiri wa muuzaji kuliko kwa uzito wa kazi. Mwaka 2008 seneta Herb Kohl wa Marekani aliziandikia kampuni nne kubwa za simu za nchi yake akitaka zieleze kwa nini bei ya SMS moja ilipanda kutoka senti 10 hadi senti 20 tangu 2005. Ulaya nako, Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa bei kuanzia Julai 2009: SMS ya mteja aliye nje ya nchi yake, ndani ya umoja huo, isizidi senti 11 za yuro kabla ya kodi. Ukomo huo ukashushwa tena miaka iliyofuata, na salamu hazikuacha kufika.

India ndiko mambo haya yalikofanywa waziwazi bila haya. Kwa miaka mingi kampuni za huko ziliuza vifurushi vya SMS vya bei chee, kisha zikazima punguzo siku za Diwali, mwaka mpya na sikukuu nyingine kubwa. Mtu aliyelipia SMS za mwezi mzima alijikuta siku hiyo anakatwa bei kamili, mara nyingi rupia nzima kwa ujumbe mmoja, huku kifurushi chake kimekaa hakiguswi. Mamlaka ya udhibiti ya huko, TRAI, haikupiga marufuku. Iliweka masharti tu: siku hizo zisizidi 5 kwa mwaka, mteja atajiwe tangu anaponunua, na kampuni isiongeze nyingine katikati. Septemba 2011, ikipambana na SMS za matangazo, TRAI iliweka ukomo wa SMS 100 kwa laini kwa siku, ukapandishwa hadi 200 Novemba ya mwaka huo huo. Zile siku za bei kamili zikaachwa nje ya ukomo. Kwa hiyo siku ya kutuma bila kikomo ikawa ndiyo siku ya kulipa zaidi.

Hapa kwetu Tanzania mteja hulipia sikukuu kwa milango mingine mitatu: kifurushi kinakwenda kwa nani, kinakufa saa ngapi, na ujumbe wako ni mrefu kiasi gani.

Kwa nani

Jioni ya tarehe 24 Desemba, simama kwenye kibanda cha wakala Mbagala Rangi Tatu, utasikia mazungumzo ya namna hii.

"Kaka, niunge SMS za jero."

"Za mtandao huu au mitandao yote, dada?"

"Si SMS tu? Wewe unga."

Kaka anaunga cha mtandao mmoja, kwa sababu kina namba kubwa na mteja akiona namba kubwa anaridhika. Dada anafika nyumbani, anatuma kwa ndugu wa Mwanza, wa Tanga, wa Songea, kila mmoja na laini yake. Zile zinazokwenda mtandao mwingine hazigusi kifurushi. Zinakatwa kwenye salio la kawaida, moja moja, mpaka salio linakauka. Kesho yake SMS za kifurushi bado zimejaa, na yeye hana hata shilingi ya kumpigia mama.

Kwa hiyo tazama majina kwenye simu yako kabla ya kutazama menyu. Kama nusu ya watu wako wako mtandao mwingine, kifurushi cha mtandao mmoja ni hasara hata kikiwa na SMS elfu. Na usimwamini mtu kwa tarakimu za mwanzo za namba yake. Tangu Machi 2017 mteja wa Tanzania anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo namba inayoanza kama yako huenda ilishahama. Mitandao yote ndiyo salama, hata kama idadi ni ndogo.

Walio nje ya nchi ni hesabu nyingine kabisa. "Mitandao yote" maana yake ni mitandao yote ya hapa nchini. Shangazi wa Muscat na kaka wa London hawamo, na SMS ya kimataifa hukatwa bei yake yenyewe. Hao watumie WhatsApp. Ndugu wa Dubai maandishi yatamfikia. Ni simu za sauti za WhatsApp ndizo zilizofungwa huko, kwa hiyo usimalize MB kumpigia.

Saa ngapi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, na hapa ndipo sikukuu zetu zinapotofautiana.

"Kifurushi cha siku" ni jina lenye maana mbili. Kuna kinachodumu saa 24 tangu ujiunge, na kuna kinachokufa saa sita usiku bila kujali umenunua saa ngapi. Ukinunua cha aina ya pili tarehe 31 Desemba saa mbili usiku, umenunua saa nne tu. Mbaya zaidi, kinakufa dakika ile ile ambayo ulikinunulia. Saa sita na dakika moja fataki zinalia, wewe unatuma "Heri ya mwaka mpya" kwa watu arobaini, na kila moja inakatwa bei ya nje ya kifurushi. Huo ndio mtego mkubwa wa mwaka, na mtu anaingia kwa mikono yake mwenyewe.

Soma mstari wa muda kabla ya kuthibitisha. Kama menyu haisemi saa 24, chukulia kwamba kinakufa usiku wa manane.

Krismasi ina tarehe, kwa hiyo kifurushi cha siku kinatosha. Idd haina tarehe mpaka mwezi uonekane. Ukijiunga tarehe 29 Ramadhani jioni na mwezi usionekane, kifurushi cha siku kimekwenda bure, kesho yake unanunua kingine. Na tangazo likitoka usiku, kila mtu anakimbilia menyu saa ile ile, menyu inagoma, wewe unabonyeza tena, halafu unagundua umejiunga mara mbili. Kwa Idd nunua cha wiki, siku mbili au tatu kabla, menyu ikiwa imetulia. Huenda ukalipa zaidi kwa jumla, lakini hutalipa mara mbili.

Vipo pia vifurushi visivyo na muda wa mwisho. Kenya vilipata umaarufu Oktoba 2019, kampuni kubwa ya huko ilipoanza kuviuza baada ya mteja kuishtaki kwa vifurushi vilivyokuwa vikiisha muda. Ni vizuri kwa mtu anayeandika SMS kumi kwa mwezi. Kwa salamu za siku moja havifai, kwa sababu kwa kawaida kipimo chake ni kidogo kwa pesa ile ile: unalipia muda ambao huuhitaji.

Mrefu kiasi gani

SMS moja ina nafasi 160. Herufi, nukta, mkato na kila nafasi tupu kati ya maneno vinahesabiwa. Ukizidisha hata herufi moja, ujumbe unakatwa vipande, na kila kipande kinahesabiwa kuwa SMS nzima yenye nafasi 153, kwa sababu nafasi chache hutumika kuviunganisha vipande upande wa pili. Mpokeaji anaona ujumbe mmoja mrefu. Wewe umelipia miwili.

Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni emoji.

Nafasi 160 ni kwa herufi za kawaida tu. Ukiweka emoji moja, ujumbe wote, si ile emoji peke yake, unahamia kwenye mfumo mwingine wa kuandika ambao SMS moja hubeba nafasi 70 tu, na ukikatwa vipande kila kimoja ni nafasi 67. Chukua salamu hii:

"Krismasi njema na heri ya mwaka mpya kwako na familia yote. Mungu awajalie afya, amani na riziki njema. Sisi tupo salama, tunawakumbuka sana."

Hiyo ina nafasi 141. Ni SMS moja, na imebaki na nafasi ya kuandika jina lako. Sasa ongeza mwishoni mti mmoja wa Krismasi. Emoji nyingi huhesabiwa nafasi mbili, pamoja na nafasi tupu ya kuitenganisha na neno, jumla inakuwa 144. Gawa kwa 67: zinatoka SMS tatu. Kama kifurushi chako kina SMS 100, bila mti unasalimia watu 100, ukiweka mti unasalimia watu 33 na kifurushi kimekwisha. Mti huo ndio ghali kuliko yote utakayoinunua Desemba.

Mambo mawili zaidi yanafanya hivyo hivyo bila wewe kujua. La kwanza ni herufi za Kiarabu. Ukiandika Idd Mubarak kwa herufi zetu hizi unabaki kwenye 160. Ukibandika maneno yale yale kwa herufi za Kiarabu unashuka hadi 70. La pili ni ile alama ya juu kwenye ng'. Baadhi ya simu, hasa za kisasa, hujipamba zenyewe na kuiweka alama iliyopinda badala ya iliyonyooka, na ile iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Salamu ya "mwaka wa kung'ara" inaweza kukutoza mara mbili kwa ajili ya kung'ara. Andika "mwaka wa neema" upite salama.

Simu nyingi zitakuonya. Ukikaribia mwisho wa nafasi, karibu na kitufe cha kutuma hutokea tarakimu kama 12/1 au 58/2: ya kwanza ni nafasi zilizobaki, ya pili ni idadi ya SMS utakazokatwa. Ukiona 2 na hukukusudia, futa. Baadhi ya simu zina pia chaguo kwenye mipangilio ya ujumbe la kugeuza alama maalumu kuwa herufi za kawaida. Liwashe, uliache hivyo mwaka mzima.

Na zile salamu ndefu za kunakili, zenye mito ya maziwa na milango saba ya baraka? Ni SMS tatu au nne kila moja, na aliyekutumia ametumiwa na mwingine. Mpokeaji anazijua. Andika mistari miwili yako mwenyewe, ni rahisi zaidi na itasomwa.

Gawa kwa unachotumia

Muuzaji hukuonyesha bei akiigawa kwa kilichomo. Wewe gawa kwa utakachotumia.

Tuseme kifurushi cha siku ni shilingi 500 kwa SMS 100, na cha wiki ni shilingi 1,500 kwa SMS 500. Hizi ni namba za mfano, weka zile unazoziona kwenye menyu yako leo. Kwa hesabu ya tangazo, cha siku ni shilingi 5 kwa SMS na cha wiki ni shilingi 3, kwa hiyo cha wiki kinaonekana rahisi. Lakini kama una watu 60 tu, cha siku kimekugharimu shilingi 8 na ushee kwa kila mtu, na cha wiki shilingi 25. Zile SMS 440 zilizobaki haziliwi.

"Ofa ya sikukuu" yenye dakika, SMS na MB kwa pamoja ipime hivyo hivyo. Ina faida kwa mtu atakayezitumia zote tatu. Kwa mtu anayetaka SMS tu, analipia mchele, maharage na nyama ilhali yeye anataka chumvi.

Kabla ya yote, angalia salio la kifurushi ulichonacho. Watu wengi wenye vifurushi vya mchanganyiko vya wiki au mwezi wamekalia mamia ya SMS ambazo hawazigusi kwa sababu siku hizi wako WhatsApp. Hizo umeshazilipia. Zitumie.

WhatsApp, simu na kubipu

Kwa bei tupu, hakuna kinachoshinda ujumbe wa maandishi wa WhatsApp. MB moja hubeba mamia ya ujumbe wa maandishi, na hapo emoji weka upendavyo, hazihesabiwi. Kasoro ni kwamba inamfikia tu mwenye simu janja na mwenye data siku hiyo. Babu mwenye kitochi hataiona, na binamu aliyeishiwa bando ataiona Januari.

Gharama ya WhatsApp imejificha kwa mpokeaji. Picha ya kadi ni mamia ya KB, na video ya dakika moja yenye nyimbo na maua inaweza kufika MB 5 au zaidi. Ukiwa kwenye makundi manane, na kila kundi lina watu wanaorusha video ile ile, kifurushi chako cha data kinaliwa ukiwa jikoni. Leo hii fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video unapotumia data ya simu. Utabonyeza unachotaka kukiona.

Ukitaka kuwatumia wengi kwa mkupuo bila kuunda kundi jingine la kelele, tumia orodha ya matangazo ndani ya WhatsApp. Inachukua hadi watu 256, na kila mmoja anapokea kama ujumbe wake peke yake. Ila humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako.

Simu ya sauti ni ghali kwa dakika lakini ina watu wake. Wazazi, wakwe, mwalimu aliyekulea, mzee uliyezoea kumpa shikamoo: hao wapigie. Mama mkwe hasalimiwi kwa SMS ya kunakili. Panga dakika mbili kwa kila mmoja, maana kuulizana habari za nyumbani, watoto, mvua na mifugo peke yake kunamaliza dakika ya kwanza, na sababu ya kupiga bado hujaitaja. Wazee watano ni dakika kumi, basi nunua dakika kumi. Kubipu na ile huduma ya bure ya "tafadhali nipigie" waachie vijana wenzako.

Kama ulikuwa unamtumia mtu pesa ya sikukuu, huhitaji SMS nyingine juu yake. Ujumbe wa kuthibitisha malipo unamfikia bure wenye jina lako, na sijui salamu gani inasomwa kwa furaha zaidi. Angalia tu kwanza jedwali la makato ya kutuma na ya kutolea. Ada zinapanda kwa ngazi, na shilingi mia chache za kutolea zinaweza kukuvusha ngazi ya juu.

Makato yanayonyemelea

Kukopa salio usiku wa sikukuu ni njia ya haraka ya kununua salamu kwa bei mbaya. Kenya ada iliyozoeleka ni asilimia 10, inayokatwa papo hapo, na kwingineko haiko mbali na hapo. Asilimia 10 kwa deni la siku mbili ni riba ambayo usingeikubali kwa mkopeshaji wa mtaani. Tena deni linalipwa kwanza: kesho ukiongeza salio la kujiunga kifurushi, linamezwa, kifurushi hupati, na unakopa tena.

Kujirudia kwa kifurushi ni mtego mwingine. Menyu huuliza kama unataka kununua mara moja au kijirudie chenyewe. Chagua mara moja.

Ujumbe ukichelewa, usiutume tena. Kwa kawaida unakatwa mtambo unapoupokea, si mpokeaji anapousoma, na mtambo ukizidiwa unaupanga foleni na kujaribu tena wenyewe. Ukibonyeza mara tatu, umelipa mara tatu na shemeji amepokea salamu tatu zinazofanana. Hii ni sababu nyingine ya kutuma mchana.

Jihadhari pia na bahati nasibu, miito ya simu ya sikukuu na "mafundisho ya kila siku" yanayokuja kwa namba fupi. Kujibu neno moja kunaweza kuwa kujiunga, na kila siku utakatwa kidogo kidogo mpaka utume neno la kujitoa. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" nao wana msimu wao, na ni huu. Usijibu, peleka taarifa kwenda 15040, namba ambayo mamlaka ya mawasiliano ya hapa nchini, TCRA, imeitenga kwa utapeli, halafu endelea na kazi zako.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kutoacha salio la kawaida kwenye laini. Nunua kifurushi kwa kiasi kamili, salio libaki sifuri. Kifurushi kikiisha au ukikosea mtandao, ujumbe utagoma badala ya kukutoza bei ya nje. Ubaya wake ni kwamba hutakuwa na akiba ya kupiga simu ya ghafla usiku, kwa hiyo mwenye mgonjwa nyumbani asifanye hivi.

Tuwe wa haki kwa kampuni pia. Si kila shilingi inabaki kwao. Kwa Tanzania Bara, kwa miaka mingi huduma za mawasiliano zimetozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa viwango hivyo, kwenye kila shilingi 1,000 unayotumia, karibu 276 ni kodi. Hiyo inaeleza ukubwa wa bei. Haielezi kwa nini "siku" iwe saa nne.

Wenye duka, saluni au kikundi

Kama una wateja mia tatu wa kusalimia, huduma ya SMS za mkupuo inaonekana ya kisomi: ujumbe unatoka na jina la biashara yako. Kwa SMS moja moja kwa kawaida ni ghali kuliko kifurushi cha simu yako. Kuna kiwango cha chini cha kununua, jina lazima lisajiliwe kabla, na ile hesabu ya 160 na 70 inafanya kazi humo humo. Kama hujasajili jina mpaka wiki ya sikukuu, umechelewa. Tumia kifurushi cha mitandao yote, utume kwa mafungu ya watu ishirini, jina la duka uliandike ndani ya ujumbe.

Ukikatwa pasipo haki

Piga picha ya skrini ya menyu unaponunua, ioneshe bei, idadi na muda. Bila hiyo ni neno lako dhidi ya mtambo wao. Mwaka 2021 TCRA ilitoa masharti ya vifurushi, na moja ni kwamba mteja ajulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100. Kama hukujulishwa, hilo ndilo la kuanzia. Piga huduma kwa wateja, taja saa na kiasi, dai namba ya lalamiko, uiandike. Wasipokujibu, peleka lalamiko TCRA ukiwa na namba hiyo.

Na ukichoka nao kabisa, nenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka, na utume neno HAMA kwenda 15080. Namba yako utabaki nayo. Kabla ya hapo toa pesa zote kwenye akaunti ya simu, lipa deni la salio, na umalize kifurushi, kwa sababu hivyo havihami na wewe. Fanya hivyo Januari, usifanye wiki ya sikukuu.